Kasuku Mdogo wa Nchi Yetu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari lake na kalamu yake. Kabla sijaanza, namwomba mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: KASUKU, TUNDU, KUATAMIA, MPELELEZI, MKATABA, KADIRIO. Yasomeni pamoja mara mbili. Nanyi mnaosoma maandishi haya nyumbani, yaandikeni katika madaftari yenu. Leo tutakutana na kila neno mahali pake.

Majuma machache yaliyopita nilitembelea darasa moja la kusoma na kuandika, upande wa Shinyanga. Wanafunzi walikuwa wamekaa chini ya mti, na shamba la mtama lilikuwa karibu. Mara kundi la ndege wadogo wa kijani likapita juu yetu kwa kelele nyingi, likatua katika ule mtama. Mama mmoja, mtu mzima, akaweka kalamu chini, akasimama, akapiga makofi na kupaza sauti mpaka ndege wote wakaruka. Kisha akaketi tena, akaniambia, "Mwalimu, kila siku mnatufundisha habari za wafalme na za vita. Nifundishe basi habari za wezi hawa. Asili yao ni nini, na kwa nini wamepambwa hivi kama bibi arusi?"

Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Lakini siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Niliporudi nyumbani nilitafuta vitabu, nikasoma, na leo namletea mama yule jibu lake. Sikilizeni nyote. Maana swali lake lina swali jingine ndani yake: ndege anayekula mtama wetu, je, ana haki yo yote kwetu? Hilo nitalijibu mwishoni.

NDEGE MWENYEWE

Likitajwa neno kasuku, wengi wenu mwafikiri yule ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mkia mwekundu, anayeiga maneno ya watu. Huyo ni ndege wa misitu ya Kongo, Uganda na Afrika ya Magharibi. Lakini jamii ya kasuku ni kubwa, na ndani yake wamo wadogo sana. Utamjua kasuku kwa mambo mawili. La kwanza ni mdomo wake, mfupi, mnene, uliopinda kama ndoana. La pili ni miguu yake: vidole viwili huelekea mbele na viwili nyuma, hata aweza kushika tawi kama mtu ashikavyo kwa koleo.

Ndege wa somo letu ni kasuku mdogo. Wengine humwita cherero. Urefu wake, tangu kichwa mpaka mkia, ni kiasi cha sentimita 14. Uzito wake ni kiasi cha gramu 50, yaani kama yai moja la kuku. Mgongo, kifua na mabawa ni ya kijani. Shingo ni ya manjano ya dhahabu, na rangi hiyo huzidi kuiva kadiri inavyopanda usoni, mpaka inakuwa kama chungwa lililoiva sana. Utosi una rangi ya kijani iliyofifia. Juu ya mkia pana rangi ya samawati. Mdomo ni mwekundu, na kila jicho limezungukwa na duara jeupe, kama kwamba amevaa miwani. Dume na jike hufanana kabisa. Hata mtaalamu akiwatazama kwa macho tu hawezi kuwatofautisha.

Kasuku wadogo wa aina hii wako namna 9 duniani. Namna 8 wako katika bara la Afrika, na namna 1 yuko Madagaska. Watu wa Ulaya huwaita wote "ndege wa mapenzi", kwa sababu dume na jike wakiisha kuoana hukaa bega kwa bega, hulishana, na kuchambuana manyoya.

Je, huyu wetu makao yake ni wapi? Makao yake ya asili ni kaskazini ya Tanzania, kusini na kusini-mashariki ya Ziwa Victoria. Wapo Serengeti na Ndutu, wapo katika nchi ya Wasukuma, wapo mpaka Nzega na Singida, na wapo kisiwani Ukerewe. Wapenda nchi ya wazi iliyo na miti hapa na pale: migunga, mibuyu na mivumo, katika mwinuko wa mita 1,100 mpaka 2,200 juu ya usawa wa bahari. Fikirini jambo hili. Dunia yote hii ilivyo kubwa, na asili ya ndege huyu ni kipande hiki kimoja tu cha nchi. Mtu wa Shinyanga anayemwona kila asubuhi humdhania kuwa ndege wa kila mahali. Sivyo. Ni jirani yake hasa.

TUNDU NA MALEZI

Sasa tulitazame lile neno la pili, TUNDU. Kasuku huyu hajengi kiota juu ya tawi. Hutafuta tundu katika mti, mara nyingi katika tawi lililokufa, kiasi cha mita 2 mpaka 15 kutoka chini. Kwa hiyo mti mkavu, ambao sisi twauona haufai ila kwa kuni, kwake yeye ni nyumba iliyo tayari. Mara nyingine huingia katika viota vikuukuu vya mnana mkubwa, mwenye mkia wa rangi ya kutu, ambaye naye ni ndege wa Tanzania.

Jike ndiye fundi wa nyumba. Hukata vipande vyembamba vya maganda ya miti na majani, huvichukua kwa mdomo, na kuvipanga ndani ya tundu mpaka vinafanya chumba chenye dari. Hapo hutaga mayai 4 au 5, na mara nyingine mpaka 8. KUATAMIA ni kuyalalia mayai ili yapate joto. Jike huyaatamia kwa siku 23 hivi, na wakati huo dume humletea chakula. Makinda huzaliwa bila nguvu wala manyoya ya kutosha, na hutoka tunduni baada ya majuma 5 au 6.

Chakula chao ni mbegu za majani na za migunga, na matunda madogo madogo. Hutembea kwa makundi, na hupenda kushuka majini kila siku kunywa. Kumbukeni jambo hilo la kukusanyika majini. Ndege anayekuja mahali pamoja kila siku, kwa kundi, kwa saa ile ile, ni rahisi kumtega.

JINA ALILOPEWA

Wenyeji wa Wembere, Usukuma na Unyiramba walimjua ndege huyu tangu zamani, kila kabila kwa lugha yake. Lakini katika vitabu vya wataalamu ana jina la mtu mmoja wa Ujerumani. Mtu huyo aliitwa Gustav Fischer. Alizaliwa mwaka 1848, akasomea udaktari, na mwaka 1876 akafika Unguja.

Hapa twakutana na neno MPELELEZI. Siku hizi neno hili hutumiwa zaidi kwa askari wanaochunguza wahalifu. Lakini katika vitabu vya historia, mpelelezi ni mtu asafiriye katika nchi asiyoijua ili aandike habari zake. Fischer alikuwa mpelelezi wa namna hiyo. Mwaka 1878 alisafiri upande wa Mto Tana. Mwaka 1882 alitoka Pangani, akapita katika nchi ya Wamasai, na mwaka 1883 akafika Ziwa Naivasha. Liwekeni jina hilo la Naivasha akilini, tutalirudia. Wala msidhani alikwenda peke yake. Misafara ya siku zile ilikwenda kwa miguu ya wapagazi, waliobeba nguo, shanga, vyakula na masanduku juu ya mabega yao. Majina yao hayakuandikwa juu ya ndege ye yote, lakini bila wao hakuna sanduku lililofika pwani.

Safari ya mwisho ya Fischer ilianza mwaka 1885. Alitumwa kumtafuta mpelelezi mwenzake, Wilhelm Junker, aliyekuwa amezuiliwa na vita ya Mahdi huko Sudani. Fischer akapita katika mbuga ya Wembere, kati ya Singida na Nzega, na huko Usure akapata kasuku mdogo mwenye uso wa rangi ya chungwa. Akaendelea mpaka ukingo wa kusini wa Ziwa Victoria. Lakini njia ya kwenda mbele ilipita Buganda, na Kabaka Mwanga hakutaka wageni wapite. Basi akazunguka upande wa mashariki wa ziwa, akarudi pwani bila kumwona aliyemtafuta. Akaenda kwao akiwa mgonjwa, akafa Berlin mwezi wa Novemba 1886. Yule Junker, aliyekuwa akitafutwa, alifika pwani salama kwa njia nyingine mwishoni mwa mwaka ule ule.

Mwaka 1887 mtaalamu wa ndege huko Berlin, jina lake Anton Reichenow, aliitazama mizoga iliyokaushwa ambayo Fischer aliileta. Akaona kwamba kasuku huyu alikuwa hajaandikwa bado katika kitabu cho chote. Akamwandika, akampa jina kwa heshima ya marehemu: Agapornis fischeri. Neno la kwanza limetoka katika Kiyunani, na maana yake ni "ndege wa upendo". Neno la pili maana yake ni "wa Fischer". Hivyo ndivyo jirani yetu alivyopata jina la mgeni.

NDEGE ALIYEJIFUNZA KWA MIAKA MITATU

Katika miaka ya 1920 kasuku hawa walianza kuchukuliwa wazima kwenda Ulaya na Marekani, nao wakazaa vizuri ndani ya vizimba. Kwa sababu hiyo wataalamu waliweza kuwachunguza kwa karibu. Nitawasimulia uchunguzi mmoja, maana unatuhusu sisi wanafunzi.

Nimekwisha waambia kwamba jike wa kasuku wetu huchukua vifaa vya kujengea kwa mdomo. Yuko kasuku mdogo mwingine, wa upande wa Namibia na Angola, mwenye uso wa rangi ya waridi. Huyo hafanyi hivyo. Yeye hukata kipande, akageuza kichwa nyuma, akakichomeka katikati ya manyoya ya kiuno chake. Hukata cha pili, hukichomeka. Kisha huruka na mzigo wote mgongoni, kama mtu mwenye tita la kuni.

Katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alikuwako mtaalamu aliyeitwa William Dilger. Yeye alijiuliza: je, nikiwazalisha pamoja, mtoto atachukuaje vipande vyake? Akawapandisha, wakazaliwa machotara. Mwaka 1962 akaandika habari zao. Machotara wale walipopewa karatasi za kujengea, walizikata vizuri, kisha walivurugikiwa. Waligeuza kichwa ili kuchomeka karatasi katika manyoya, lakini hawakuiweka sawa, au waliiweka na kusahau kuiachia, au ilianguka. Damu ya mzazi mmoja iliwaambia hivi, damu ya mzazi wa pili iliwaambia vile. Polepole wakaanza kujifunza kuchukua kwa mdomo. Iliwachukua kiasi cha miaka 3 kujifunza vizuri, na hata hapo bado walikuwa wakigeuza kichwa kidogo kabla ya kuruka, kama mtu aliyeacha desturi lakini shingo bado yaikumbuka.

Wataalamu walijifunza mengi kwa ndege wale: kwamba mnyama huzaliwa na mambo mengine tayari ndani yake, na mengine hujifunza kwa kujaribu. Nami nawaambieni ninyi mnaosema, "Mwalimu, mkono wangu ni mzito, umezoea jembe, hauwezi kalamu." Kumbukeni kwamba ndege wa gramu 50 alishindana na mazoea ya damu yake, akashinda.

BIASHARA

Sasa nafika mahali pazito katika historia hii. Ndege mzuri, mdogo, asiyehitaji chakula kingi, alipendwa na watu wa miji ya ng'ambo. Wengi walitaka jozi moja ndani ya kizimba sebuleni. Basi biashara ikakua. Katika miaka ya 1980 kasuku hawa walitegwa kwa makundi katika nchi yao ya asili, wakatiwa katika masanduku, wakapelekwa kwa ndege za abiria na mizigo mpaka Ulaya na Marekani. Ilipofika mwaka 1987, kasuku wetu mdogo alikuwa miongoni mwa ndege wa mwitu waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani.

Fikirini mwendo wa biashara hiyo. Aliyetega porini alipata fedha kidogo. Aliyenunua kwake akauza mjini akapata zaidi. Mwenye duka huko ng'ambo akapata zaidi kabisa. Na katika masanduku yaliyosongamana, ndege wengi walikufa njiani kabla ya kufika dukani. Kwa hiyo kila ndege mmoja aliyeonekana kizimbani alikuwa na wenzake waliopotea, ambao hakuna aliyewaandika katika hesabu.

Watu wa vijijini waliona makundi bado yakipita, wakasema, "Wako wengi, hawatakwisha." Hapo ndipo ulipo mtego wa akili. Kuku wako wakiwa 10 na ukapoteza 1, utajua jioni ile ile. Lakini ndege wa mwitu hana mwenyewe wa kumhesabu jioni. Hupungua kimya kimya, na siku tunapoona pengo, sehemu kubwa imekwisha kwenda.

Mwaka 1995 yalitolewa makadirio. KADIRIO ni hesabu ya kukisia kwa njia ya maarifa: wataalamu huhesabu ndege katika sehemu chache, kisha hupiga hesabu ya nchi nzima. Wakasema kasuku hawa ni kati ya 290,000 na 1,000,000. Mwalimu aandike ubaoni tarakimu hizo, nanyi mzisome: mia mbili na tisini elfu, na milioni moja. Mtu aweza kusema, "Mbona ni wengi!" Lakini hesabu ile ilionyesha kwamba walikuwa wamepungua sana kuliko miaka iliyotangulia. Ndiyo sababu katika orodha ya dunia ya viumbe walio mashakani, kasuku huyu amewekwa katika daraja la walio karibu na hatari.

MKATABA NA SHERIA

Neno letu MKATABA ni mapatano yaliyoandikwa. Uko mkataba wa mataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya mwitu. Tanzania iliukubali mwaka 1979, na mwaka 1981 karibu kasuku wote wa dunia waliingizwa katika orodha ya viumbe ambao biashara yao lazima iwe na kibali. Lakini, ndugu zangu, karatasi peke yake hailindi ndege. Ninyi wenyewe mmesikia: mkataba ulikuwa wa 1981, na wingi wa biashara ulikuwa 1987. Kibali kiliweza kuandikwa kwa idadi kubwa, na kikawa kibali cha kumaliza.

Baadaye milango ilifungwa mmoja mmoja. Mwaka 1992 Marekani ilitunga sheria ya kuzuia kuingiza ndege wengi wa mwitu. Mwaka 2005 nchi za Umoja wa Ulaya ziliwazuia kwa muda, kwa hofu ya homa ya mafua ya ndege, na mwaka 2007 katazo likawa la kudumu. Hapa kwetu, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kukamata mnyama wa mwitu bila leseni. Na mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha kusafirisha wanyama hai wa mwitu kwenda nchi za nje.

Na kasuku wa vizimbani huko ng'ambo? Siku hizi huzaliwa huko huko, kwa rangi nyingi ambazo babu zao hawakuwa nazo, hata samawati. Apendaye kufuga aweza kumpata ndege aliyezaliwa kizimbani. Hakuna haja tena ya kumnyang'anya mbuga.

NDEGE WAKIMBIZI WA NAIVASHA

Niliwaambieni mliweke akilini jina la Naivasha. Fischer alifika huko mwaka 1883, na miaka mingi baadaye ndege mwenye jina lake naye akafika, lakini hakufika kwa mabawa yake. Kasuku wetu alipelekwa Kenya katika vizimba. Wengine walitoroka, wengine waliachiliwa, wakazaana. Leo utawaona upande wa Nairobi, Mombasa na hasa Naivasha.

Huko wamekutana na ndugu yao, kasuku mdogo mwenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano. Huyo naye ni mzaliwa wa Tanzania, wa nchi iliyo mashariki na kusini ya makao ya huyu wetu, kama vile Tarangire na Dodoma. Katika nchi ya asili kila mmoja ana upande wake. Lakini huko Naivasha wamechanganyika, wamezaa machotara, nao machotara wanazaa. Wengi wao si huyu wala si yule. Tena wagombea matundu ya miti na ndege wa pale, waliokuwako kabla yao.

Oneni basi ajabu ya historia hii. Ndege yule yule amepungua mahali alipo mwenyeji, na amekuwa mgeni msumbufu mahali alipo mgeni. Mambo yote mawili yameletwa na jambo moja: mkono wa mtu uliomtoa katika mahali pake. Mtu aweza kusema, "Serengeti wakiisha tutaleta wa Naivasha." La, hasha. Aliyekwisha changanyika hawezi kuchambuliwa tena, kama vile maziwa yakiisha kutiwa chai.

JIBU LA MAMA WA SHINYANGA

Sasa nalirudia lile swali la mama. Kasuku hawa hula mtama wetu na mahindi yetu. Hilo ni kweli, wala sitamwambia mkulima kwamba jasho lake si kitu. Mtu aliyeamka alfajiri kufukuza ndege ana haki ya kukasirika.

Lakini kwanza tumjue mwizi kwa jina lake. Ndege anayemaliza mashamba ya mtama kwa makundi makubwa kama wingu ni kwelea kwelea. Yeye si kasuku. Ni ndugu wa minana, ana mdomo mnene ulionyooka, na rangi yake ni kama ya shomoro. Kasuku mdogo huja kwa makundi madogo zaidi. Tusimhukumu mmoja kwa kosa la mwingine.

Pili, kufukuza ni kitu kimoja, na kumaliza ni kitu kingine. Lindeni mashamba yenu. Wekeni zamu asubuhi na jioni, ndege wanapokula zaidi. Pigeni madebe, simamisheni sanamu, vuneni mapema nafaka ikiisha kukomaa. Hayo ni halali ya mkulima. Lakini akija mtu kijijini na nyavu na masanduku, akasema, "Nisaidieni kuwakamata wadudu hawa, nitawapa fedha kidogo," ninyi sasa mwajua kusoma. Mwambieni, "Bwana, tuonyeshe leseni yako." Isomeni. Tazameni jina, tarehe na idadi. Kama hana, pelekeni habari kwa ofisa wa wanyama wa mwitu au kwa serikali ya kijiji.

Tatu, mkikata kuni, acheni miti michache mikavu yenye matundu, iliyo mbali na mashamba. Tawi moja la kuni huisha kwa siku mbili jikoni. Tundu moja la mti laweza kulea makinda mwaka baada ya mwaka.

Basi, mama yangu wa Shinyanga, jibu langu ni hili. Ndege hawa asili yao ni hapa hapa, katika nchi yako, wala hawana nchi nyingine ya asili. Haki yao kwetu si kula shamba lako. Haki yao ni kubakiziwa mahali pao. Ukiwafukuza mtamani, wanakwenda katika migunga, na kesho mjukuu wako atawaona. Wakitiwa katika sanduku, hawarudi tena. Wingi wao usitudanganye, maana katika miaka michache tu wingi ule ulikaribia kuwa hadithi.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Kasuku huyu mdogo makao yake ya asili ni wapi? Taja sehemu tatu.
2. Mti mkavu una faida gani kwake?
3. Machotara wa Cornell walijifunza jambo gani kwa miaka 3?
4. Kwa nini mkataba wa mwaka 1981 haukutosha kumlinda?
5. Andika barua fupi, mistari mitano, kwa serikali ya kijiji chako, kueleza kwamba umemwona mtu akitega ndege bila leseni. Usisahau tarehe na jina la mahali.

Barua hizo zisomwe kwa sauti darasani, kila mtu asome ya mwenzake. Kesho asubuhi, kabla hamjashika jembe, simameni kidogo mtazame katika miti. Mkiwaona, wahesabuni, mwandike idadi katika madaftari yenu. Hapo mtakuwa mmeanza kazi ile ile waliyoifanya wataalamu.

Kwa herini, mpaka juma lijalo.